Kaa wa Mto Lwakhakha: Jinsi ya Kumtambua na Kujua Kabila Lake

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa upande wa Lwakhakha alifika ofisini kwetu na kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na kaa wawili aliowatoa katika kijito kipitacho mpakani mwa shamba lake. Mmoja alikuwa mpana kama kiganja cha mtu mzima. Wa pili alikuwa mdogo sana, upana wake kama vidole viwili tu. Mkulima huyo alikuwa na maswali mawili. Kwanza, je, ni kweli kwamba kaa huleta upofu, kama wazee wasemavyo? Pili, kama ni kweli, je, aweza kumimina dawa ya josho kidogo katika kijito ili wafe wote?

Mimi ni karani wa ofisi, si mtaalamu wa wanyama, lakini niliwahi kufundisha elimu ya viumbe shuleni, na mwalimu ana ugonjwa wake wa kujibu upesi. Nikamwambia kwamba yule mkubwa ni mama na yule mdogo ni mtoto wake. Kisha nikamgeuza mdogo chali. Chini ya tumbo lake alikuwa amebeba mayai. Mtoto hawezi kubeba mayai! Ikanipasa kuyameza maneno yangu mbele ya mgeni, na ndiyo sababu nimeona yafaa kuandika somo hili.

Tuanze na jambo lenyewe la kutambua. Kaa wote wana miguu kumi. Miwili ya mbele ndiyo magando, na minane iliyobaki ni ya kutembelea. Mwili wa juu umefunikwa kwa gamba moja gumu, na mkia wake umekunjwa chini ya tumbo kama ulimi wa mkoba. Ukiwageuza wengi utaona kwamba mkia huo una namna mbili. Wa dume ni mwembamba, wenye umbo la pembetatu. Wa jike aliyekomaa ni mpana na wa mviringo, na hufunika karibu tumbo lote mpaka kwenye mashina ya miguu. Lakini jike ambaye hajakomaa ana mkia mwembamba bado, nawe waweza kumdhania kuwa dume. Angalia hapo vizuri, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama kaa mdogo ni mtoto au ni mzima wa kabila dogo, usitazame ukubwa wake, tazama mkia. Jike mdogo mwenye mkia mpana, au mwenye mayai, ni mtu mzima. Ukimpata jike mwingine katika kijito hicho hicho aliye mkubwa mara mbili kuliko yeye, na mkia wake ungali mwembamba, basi una sababu nzuri ya kushuku kwamba hao ni makabila mawili. Mkulima anayefuga kuku aelewa jambo hili mara moja. Kuku mdogo wa kienyeji atagaye mayai si kifaranga cha kuku mkubwa wa kizungu.

Sasa kabila. Wenzetu wa pwani wanao kaa wa baharini wa namna nyingi. Wamo wale wadogo wajifichao ndani ya ganda la konokono aliyekufa, kwa kuwa tumbo lao ni laini na halina gamba. Hao ni jamaa nyingine kabisa, hata kama twawaita kaa. Yule kaa mkubwa wa minazi aonekanaye katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja ni wa jamaa hiyo ya wajifichao, maana akiwa mchanga naye hubeba ganda la konokono, na baadaye huliacha. Kaa wetu wa mtoni hahitaji nyumba ya kuazima. Yeye ni wa jamaa ya Potamonautidae, na hapa kwetu ukoo wake ni Potamonautes. Jina la ukoo huo lilitolewa na MacLeay mwaka 1838.

Ndani ya ukoo huo mna makabila mengi katika Afrika. Yuko Potamonautes niloticus, aliyepewa jina mwaka 1837, ambaye hupatikana katika maji ya Nile na Ziwa Viktoria. Huyu ni rahisi kumjua, kwa sababu ukingo wa gamba lake una safu ya miiba midogo kama meno ya msumeno. Yuko Potamonautes loveni, aliyeandikwa na Mwitaliano Giuseppe Colosi mwaka 1924. Na mwaka 2010 wataalamu wawili, Neil Cumberlidge na Paul Clark, walimtenga kaa mwingine wakampa jina la mlima wetu wenyewe: Potamonautes elgonensis. Fikiria, msomaji! Mlima huu umelimwa na kupandwa na kuchungiwa ng'ombe vizazi na vizazi, na bado mwaka 2010 mnyama wake wa mtoni alikuwa akipata jina kwa mara ya kwanza.

Mtaalamu hatazami rangi, kwa kuwa rangi hubadilika kwa matope na kwa umri. Hutazama kama ukingo wa gamba ni laini au una miiba. Hutazama mstari ulioinuka unaopita gambani nyuma ya macho. Hulinganisha magando mawili, kwa maana mara nyingi moja ni kubwa kuliko jingine. Na zaidi ya yote hutazama jozi mbili za viungo vidogo vya dume vilivyofichwa chini ya mkia. Umbo la viungo hivyo ndilo huamua ugomvi. Kwa sababu hiyo, ukipeleka majike matupu hutajibiwa upesi. Peleka na dume mzima.

Nakuja sasa kwenye swali la upofu, ambalo ndilo lililomtoa yule mkulima nyumbani kwake.

Wazee hawakusema uongo, lakini kaa mwenyewe hana hatia. Upofu wa mtoni huletwa na mnyoo mwembamba sana unaokaa chini ya ngozi ya mtu. Watoto wa mnyoo huo hutembea ngozini wakawasha mwili usiku na mchana, na wakifika machoni huweza kumpofusha mtu. Anayeupeleka kutoka mtu hadi mtu ni inzi mdogo mweusi aumaye mchana, aitwaye usubi. Katika nchi yetu usubi aliyefanya kazi hiyo mbaya alikuwa Simulium neavei, ambaye hupenda mito yenye kivuli cha msitu.

Kwa muda mrefu watu walijua inzi huyo mzima lakini hawakujua watoto wake wanaishi wapi. Viluwiluwi vya usubi wa namna nyingine hushika mawe na majani ndani ya maji yaendayo kasi. Vya huyu vilitafutwa kwenye mawe, vikatafutwa kwenye majani, wala havikuonekana. Hata hivyo vita havikungoja. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mto wa Kodera huko Nyanza ya Kusini, na inzi wakatoweka, ingawa hakuna aliyejua bado maficho ya watoto wao. Jibu lilitolewa mwaka 1950, pale van Someren na McMahon walipotangaza kwamba viluwiluwi hivyo vimeonekana vimeshikamana na mwili wa kaa wa mtoni. Kaa alikuwa akiwabeba kama basi libebavyo abiria, bila kupata nauli.

Kazi iliendelea katika mito mingine, na mwaka 1958 McMahon na wenzake waliandika taarifa ya kuangamizwa kwa inzi huyo katika Kenya. Kwa jirani zetu wa Uganda, upande wa pili wa mlima huu, vita vilichukua muda mrefu zaidi. Huko watu walianza kupewa vidonge vya ivermectin mwaka 1994, mara moja kwa mwaka. Tangu 2007 vikatolewa mara mbili kwa mwaka, na 2008 mito ikaanza kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi kwa vipimo vya wataalamu. Kufikia mwaka 2011 uambukizo katika eneo hilo la Elgon ulikuwa umekatika. Na katika kazi yote hiyo, mtu aliyetaka kujua kama inzi yupo au hayupo hakuanza kwa kumtafuta inzi. Alikamata kaa, akawageuza, akawahesabia abiria wao. Kaa ndiye daftari la mto.

Waona basi kwa nini nilimkataza mkulima yule kutia dawa ya josho. Kwanza, maji hayo yanakunywewa na watu na ng'ombe walio chini yake, pande zote mbili za mpaka. Pili, samaki hufa pamoja na kaa. Tatu, kaa wa mtoni si kama wa baharini. Wa baharini hutoa mayai maelfu kwa maelfu, na watoto huchukuliwa na maji mpaka mbali. Wetu hutaga mayai machache makubwa, mama huyabeba chini ya mkia, na watoto hutoka wakiwa tayari kaa kamili, wakakaa naye kwa muda. Hawaelei kwenda mto mwingine. Kabila lililo katika vijito vichache vya mlimani likiuawa pale, huenda lisirudi. Hata kuosha bomba la kupulizia kahawa mtoni ni kosa lile lile kwa kipimo kidogo. Lioshee shambani, mbali na maji.

Kuhusu mashimo ambayo kaa huchimba katika kingo za mifereji, malalamiko hayo nayafahamu. Dawa yake ni kukandamiza udongo wa ukingo na kuuacha uote majani. Wala usilime mpaka kwenye maji. Na wale wanaopenda kula kaa wampike mpaka aive kabisa. Katika nchi kama Kamerun na Nijeria kaa asiyeiva huwapa watu minyoo ya mapafu.

Ukitaka kutusaidia kujua kaa wa kijito chako, fanya hivi. Mshike kaa kwa nyuma, kidole kimoja juu ya gamba na kimoja chini, naye hataweza kukufikia kwa magando. Mtazame kwanza angali amelowa. Kati ya miguu na pembeni mwa gamba, je, kuna vijidudu virefu visivyozidi punje ya mchele, vinene upande wa nyuma, vilivyoshikilia kwa nyuma huku kichwa kikining'inia? Au kuna vifuko vidogo kama kiatu cha ndara, vyenye nyuzi nyembamba mbele? Ukiviona, usivikwangue. Mpeleke kaa huyo alivyo kwa ofisa wa afya wa karibu, siku hiyo hiyo.

Kama hana kitu, chagua dume mmoja mzima na jike mmoja mwenye mkia mpana, uwarudishe wengine majini, na jike mwenye mayai umrudishe kwanza. Hao wawili watiwe katika chupa ya spiriti. Andika kwa penseli, si kwa wino, kwa kuwa spiriti hufuta wino: jina la kijito, mahali, tarehe, na kama maji ni ya kivuli au ya wazi. Karatasi hiyo iingie ndani ya chupa pamoja na kaa. Ikibandikwa nje hupotea njiani. Ilete ofisini kwetu siku yoyote ya kazi, nasi tutaipeleka kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa huko Nairobi.

Yule jike mdogo wa mkulima wetu hakutiwa katika chupa. Mwenyewe alimrudisha kijitoni jioni ile ile, akaahidi kutuletea dume wa kimo chake. Bado twamngoja.