Kutengeneza Sikukuu

Pasaka ya Wayahudi ilipowadia, Bwana Yezu hakuiacha kazi mikononi mwa mitume wote kumi na wawili. Alituma wawili, Petro na Yoane. Nao hawakwenda kwa kukisia, bali waliuliza kwanza mahali. Akawapa alama: mtu mwenye kuchukua mtungi wa maji, na chumba kikubwa cha juu (Luka 22, 8-13).

Wakatekumeni, fahamuni vema. Kazi iliyoachiwa watu wote, kila mmoja huingojea kwa mwenzake. Sikukuu ya ubatizo ikikaribia Lusangi, wageni hutoka vijiji vya mbali kwa miguu, hata wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Wakifika usiku pasipo maji, kuni wala mahali pa kulala, watarudi na uchungu moyoni, na furaha ya wabatizwa itapunguka. Basi wageni wahesabiwe mapema. Kuteka maji, kukata kuni, kupika, kulaza wageni: kila kazi ipewe watu wawili, na majina yao yasomwe mbele ya wote.

Maulizo
1. Bwana Yezu alituma nani?
2. Waliuliza neno gani?
3. Kijijini kwenu, nani atapokea wageni?