Umri wa Mama na Uhai wa Mtoto: Somo kwa Wafugaji wa Kata

Wakazi wanaofuga mbuzi katika kata za pembezoni, kama vile Toangoma na Mabwepande, hupata hasara pale vitoto vinapokufa siku chache baada ya kuzaliwa. Chanzo kimoja ambacho mara nyingi husahaulika ni umri wa mama.

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Kati ya ndama 81 wa tembo waliofuatiliwa na watafiti, 16 walikufa katika muda wa miezi 9, yaani takriban asilimia 20. Katika miaka ya kawaida hufa asilimia 2 tu. Majike wenye umri mdogo ndio waliopoteza ndama wengi zaidi. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yaliokoa ndama wengi kuliko kundi lililobaki ndani, ambalo awali lilikuwa limepoteza majike wake wakongwe kwa ujangili.

Hata hivyo, uzee nao una mpaka wake. Huko Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, jike aliyeitwa Flo alimzaa Flint akiwa tayari mzee, akakosa nguvu za kumwachisha ziwa. Flo alipokufa mwaka 1972, Flint, aliyekuwa na umri wa miaka 8, alidhoofika na kufa wiki chache baadaye.

Zizini nako, umri wa mama una uzito wake. Mfugaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mtamba asipandishwe kabla ya kufikia thuluthi mbili za uzito wa mbuzi mkubwa. Madume watengwe mapema.

2. Mbuzi hubeba mimba kwa takriban miezi 5. Tarehe ya kupandishwa iandikwe, ili anayezaa kwa mara ya kwanza asiachwe peke yake siku hiyo.

3. Kitoto kinyonye dang'a ndani ya saa za mwanzo.

4. Jike aliyeng'oka meno hali vizuri na maziwa yake hupungua. Huyo ndiye wa kuondolewa. Jike mwenye afya aliyekwisha kulea vyema asiwe wa kwanza kuuzwa.

Mfugaji asiyejua umri wa mbuzi wake amwone Afisa Mifugo wa kata, ambaye huukadiria kwa kutazama meno.