Tezi Ikivimba, Tafuta Kidonda Kwanza

Msimu wa mpunga, watu wa kijiji cha Mbingu, hapa bondeni kwetu, hushinda miguu ikiwa majini. Kidole kinachubuka, kisiki kinachoma unyayo, na baada ya siku chache kinena kinavimba, hata kutembea ni shida. Huo ni mtoki, yaani tezi ya kinena iliyovimba. Kabla ya kuuhangaikia, kaa chini, osha mguu kwa sabuni, uangalie kisigino na katikati ya vidole. Mara nyingi kidonda utakikuta hapo, na hicho ndicho cha kutibiwa.

Tezi hukamata vijidudu vinavyotoka sehemu zilizo jirani nayo. Za kinena hupokea vya miguuni na sehemu za siri, kwa hiyo magonjwa ya zinaa nayo huzivimbisha. Za kwapa hupokea vya mkono na titi. Za shingo hupokea vya kooni, menoni na kichwani. Mtoto mwenye mapunye utamkuta na vinundu nyuma ya shingo. Kidonda kikipona, tezi hunywea taratibu.

Tezi ya kuogopa zaidi mara nyingi haiumi. Inakua polepole shingoni, nyingine zinashikana nayo, huku mtu akipata homa za jioni, akitoka jasho usiku na kukonda. Kifua kikuu hushika tezi hata kwa mtu asiyekohoa. VVU navyo huvimbisha tezi na kukirahisishia kifua kikuu njia, ndiyo maana vipimo vyote viwili hufanywa pamoja. Dawa za kifua kikuu ni bure, humezwa kwa miezi 6. Tezi inaweza kuongezeka kidogo mwanzoni mwa tiba. Rudi kliniki ukaangaliwe, ila dawa usiache. Na tafadhali, usiichanje tezi kwa wembe: huacha kidonda kinachotoa usaha kwa miezi.

Si kila uvimbe ni wa tezi. Mtoto akivimba taya haraka na meno yakalegea, usikimbilie kung'oa jino. Huenda ni saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, ambayo hupatikana zaidi penye malaria nyingi kama bondeni kwetu. Ikiwahiwa, hutibika vizuri kwa dawa. Mpeleke Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, bila kungoja.

Tezi iliyozidi wiki 2, ngumu au inayoendelea kukua, ipeleke zahanati. Iliyo juu ya mtulinga isisubiri hizo wiki 2. Mweleze mhudumu ilianza lini, na hata kama hukohoi, omba upimwe kifua kikuu.