Faili Moja la Nyasubi, Milango Mitano ya Sheria

Ukishasajiliwa tu mwaka wa kwanza wa sheria, ukoo mzima unakuita wakili. Simu zinaanza: shamba limeuzwa mara mbili, mjomba yuko mahabusu, shangazi kaachishwa kazi. Utajibu nini? Darasani tunasoma matawi ya sheria moja moja, kila moja na mtihani wake. Matatizo ya watu hayaji yamepangwa hivyo. Kila tawi lina mlango wake na muda wake, na mtu akigonga mlango usio wake anaweza kupoteza haki aliyokuwa nayo mkononi.

Tuchukue familia ya kubuni, kata ya Nyasubi, Kahama mjini. Baba ni dereva wa kampuni inayotoa huduma mgodini, na ana fungu lake kwenye duara la wachimbaji wadogo. Mama anauza mitumba. Wana nyumba mjini na shamba la mpunga kijijini.

1. Sheria ya kazi
Baba anaachishwa kazi bila kusikilizwa. Asikimbilie Mahakama ya Mwanzo. Mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Akilalamikia kuachishwa isivyo halali, ana siku 30. Madai mengine ya kazi, kama mshahara, ni siku 60. Wengi husema "ngoja kwanza niongee na bosi", mwezi unakatika. Baada ya hapo lazima aombe kuongezewa muda na atoe sababu nzito.

2. Sheria ya madini na mikataba
Mezani kwa wakubwa, tawi hili linashughulikia makubaliano kama yaliyozaa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Kwenye duara mambo ni mengine. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, lakini wengi wanaoshuka shimoni hawana leseni. Wanachimba kwenye eneo la mwenye nayo kwa makubaliano ya mdomo. Dhahabu ikitoka, ugomvi wa mgao wa mifuko ya mawe unaanza. Wakili mzuri hapa ni yule aliyeandika mkataba kabla mtu hajashuka.

3. Sheria ya ardhi
Mtu anaibuka na karatasi akidai shamba la mpunga ni lake. Shauri linapita kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Likishindikana, ndipo liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa Mahakama Kuu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Tawi hili pia hubeba hati, mauziano, na fidia pale mradi unapotwaa maeneo ya watu.

4. Ndoa na mirathi
Baba anafariki. Ndugu wa mume wanafika na kufuli. Kama ingekuwa talaka, mama angepita baraza la usuluhishi la ndoa, kisha mahakama ingegawa mali. Tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Lakini huyu ni mjane. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zinamnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo.

Wajane wawili wa mkoa huu wa Shinyanga walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikaanguka kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema haki zao zimevunjwa. Hapo mirathi iligeuka kuwa sheria ya katiba na haki za binadamu.

5. Jinai
Mama anagoma kutoka. Shemeji anaenda polisi kuripoti kwamba ameiba mali ya marehemu. Sasa ugomvi wa madai umevalishwa nguo za jinai. Hapa anayeshtaki ni Jamhuri, na lazima ithibitishe kosa bila kuacha shaka ya msingi. Wakili anaanza na dhamana, kisha anaonyesha kwamba suala ni la mirathi, si wizi.

Familia moja, milango mitano. Chagua tawi ukalibobee, ni sawa kabisa. Ila simu ya nyumbani ikiita, uliza kwanza: kisa kinahusu nini, mlango ni upi, siku zimebaki ngapi? Kisha kumbuka kwamba kabla ya Shule ya Sheria na kuapishwa, wewe si wakili bado. Waelekeze kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Na waambie waende leo, maana siku 30 huhesabiwa hata wakati wa msiba.