Kikombe cha Tabibu na Sinia ya Walima



Katika darsa yetu ya hapa Voi, mzee mmoja mwenye maradhi ya sukari alituonyesha karatasi aliyopewa na tabibu. Imeandikwa kwamba katika mlo mmoja asizidishe kikombe kimoja cha wali. Akauliza: "Sheikh, ni kikombe kipi? Nyumbani mna cha kahawa, mna cha chai, na mna cha bati ambacho mke wangu hupimia mchele."

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mimi sikucheka, kwani swali kama hilo liliwashughulisha maulamaa wakubwa. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alikuwa akiihesabu saa' kuwa ratili 8, hata alipofika Madina akaletewa vyombo ambavyo watu walivirithi kwa wazee wao. Alipovipima akaona ni ratili 5 na thuluthi, akaiacha kauli yake ya kwanza.

Basi na ijulikane kwamba kikombe cha matabibu ni cha robo lita, nacho hupimwa sawasawa na ukingo, bila kilele. Tena hapana budi kuuliza: ni mchele mbichi, au ni wali ulioiva? Kikombe kimoja cha mchele kikipikwa hutoa kadiri ya vikombe vitatu vya wali. Mwenye kuchanganya mawili haya hula mara tatu ya alichoamriwa, na huku adhani ameshika amri. Wala ujazo si uzito: kopo la maharagwe halilingani na kopo lilo hilo likijazwa unga. Gorogoro ya sokoni yafaa kununulia, haifai kupakulia.

Asiye na kikombe ana mikono. Mudi, ambayo ni robo ya saa', ni kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Na matabibu wa leo hukadiria vivyo hivyo: ugali usizidi ngumi, nyama isizidi kiganja, na mboga zichukue nusu ya sahani.

Ajabu ni kwamba mzee huyu, ambaye hawezi kufunga Ramadhani, hutoa fidia ya mudi kwa kila siku, na huipima kwa hadhari asije akampunja maskini. Lakini chakula chake mwenyewe hukipima kwa jicho.

Ilibaki shida moja, nayo ndiyo nzito. Alisema kwa sauti ya chini: "Katika sinia ya pilau nitapimaje? Nikijitenga, wataniona najivuna." Kula pamoja ni desturi njema yenye baraka, lakini wapo walioigeuza kuwa faradhi. Katika Suratun-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ametuondolea lawama tukila pamoja au mbalimbali. Basi na ateke fungu lake mapema, aliweke katika sahani yake, kisha aketi pale pale miongoni mwa nduguze. Na mwenye shughuli asimshurutishe kuongeza akidhani huo ndio ukarimu.

Ama yule atumiaye dawa ya sindano, asipunguze wala asizidishe chakula kabla ya kumrejea tabibu wake, kwani dawa hiyo imekadiriwa pamoja na chakula hicho.