Maji ya Sironga na Darasa la Watu Wazima

Leo twapenda kusema juu ya ilimu ya ardhi, maji na miti, ambayo siku hizi huitwa ilimu ya mazingira. Wako wasemao: hiyo ni ilimu ya watoto wa skuli, mtu mzima yamtosha kujua sala yake na saumu yake. Twawauliza: Je, sala husihi bila ya tohara? Na tohara yataka nini ila maji kwanza, na mchanga kwa aliyeyakosa? Basi mwenye kusoma mlango wa maji katika fiq-hi, asijue maji hayo hutoka wapi na huharibiwa na nini, amesoma nusu ya mlango.

Natutwae mfano wa mbali. Huko Sironga, katika Nyamira, kwenye milima ya Gusii, pana kinamasi. Nchi ile ina mvua nyingi na watu wengi, na mashamba yao ni madogo; kwa hiyo mkulima huteremka mpaka majini, akalima na kupanda mikaratusi. Mti huo asili yake ni Australia. Hukua upesi, nao hutoa nguzo, mbao, na kuni za viwanda vya majani ya chai. Lakini hunywa maji mengi mno, na ukipandwa penye chemchemi huidhoofisha. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, aliamrisha mikaratusi iondolewe penye vyanzo vya maji.

Mwanafunzi atauliza: kinamasi kina faida gani, nacho ni matope matupu? Hapo mwalimu asitoe maneno mengi. Atwae vifuu viwili, avitoboe chini. Kimoja akitie makumbi ya nazi na juu yake udongo kidogo. Cha pili akitie udongo peke yake. Kisha amwagie kila kimoja kikombe cha maji. Cha udongo mtupu kitatoa maji machafu. Chenye makumbi kitayazuia, kisha kitayadondosha polepole, yakiwa safi zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kinamasi: huweka maji ya masika yapate kutumiwa kiangazi, na huzuia udongo usichukuliwe mitoni. Maji ya milima ile huteremka kwa mito kama Gucha na Sondu mpaka Ziwa Viktoria, na kutoka humo huingia katika Nili. Basi aharibuye juu humdhuru asiyemjua chini.

Wala tusidhani kwamba haya hayatuhusu. Mji wa Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, ambazo asili yake ni mvua inyeshayo vilima vya Chyulu. Na Lamu hutegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya vichuguu vya mchanga vya Shela. Vikijengwa ovyo, au maji yakivutwa kupita kiasi, bahari huingia visimani.

Mkulima wa Sironga aweza kusema: shamba ni langu. Neno hilo lina haki, kwani naye ana watoto wa kuwalisha, na si adili kumng'olea miti bila ya kumwonyesha riziki nyingine. Lakini sharia yetu haimwachii mtu mali yake aitumie kwa kumdhuru jirani. Mafakihi wameweka harimu ya kisima, yaani eneo la kandokando ambalo hapana ruhusa kuchimba kitakachopunguza maji yake. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameifanya miti tupandayo, wakala watu, ndege na wanyama, kuwa sadaka kwetu.

Jambo la kusikitisha ni kuwa kisima kikikauka, wako kati yetu wakimbiliao makafara na ubani kwa jini wa kisima. Jini hakupanda mikaratusi, wala hakumwaga taka mferejini. Aliyefanya ni binadamu, na Qur'ani katika Sura ya ar-Rum yatufunza kwamba uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu.

Basi walimu wa darasa za usiku, anzeni na kisima cha msikiti wenu. Pimeni kina chake kwa kamba kila mwezi, mwandike, mwakani mlinganishe. Mtu mzima hafunzwi kwa kukaririshwa. Hufunzwa kwa jambo alijualo, likafunuliwa sababu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.