Dondoo muhimu: Doa la maji kwenye boti halitaki nguvu

Doa jeupe linalobaki ubavuni mwa boti ya faiba si uchafu, ni madini. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na jua likishakausha maji, chumvi hubaki. Hiyo huondoka kwa maji baridi ya kisima au bomba. Doa sugu ni la chokaa, na mara nyingi huletwa na maji yale yale ya kuoshea, kwa kuwa visima vingi vya Unguja na vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Kulisugua kwa msasa au brashi ya waya ni kosa kubwa: hukwangua tabaka la juu linalong'aa, na chokaa hushika zaidi kwenye mikwaruzo. Changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, paka kwa kitambaa laini boti ikiwa kivulini, subiri dakika chache, kisha suuza.

Wapo wanaohofu kwamba siki ni asidi. Ni kweli, lakini ni hafifu. Ikisuuzwa mapema haidhuru faiba. Inachoondoa ni nta, nayo hupakwa upya sehemu ikishakauka kabisa. Alumini tupu isiguswe na siki. Kwamba nta ni gharama pia ni kweli, ila kurudishia tabaka lililochakazwa na jua kwa kukosa nta ni ghali zaidi. Na kila ukimaliza kuosha, futa boti mara moja. Usiiache ikauke yenyewe juani.